Ufundi kwa Mwanamke Mfungwa: Deni Letu, Si Hisani Yetu

Ndugu wapendwa katika Kristo, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, akina mama wa WAWATA, makatekista, vijana na waamini wote wa Ihumwa,



Kila mwaka inapokaribia tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, vikundi vingi vya akina mama hapa Dodoma na kwingineko nchini hukusanya sabuni, khanga, sukari na taulo za kike, kisha huenda kuwatembelea wanawake walioko gerezani. Hilo ni jambo jema. Bwana wetu aliwahesabu wafungwa pamoja na wenye njaa, wageni na wagonjwa, akatufundisha kwamba anayewaendea hao amemwendea Yeye mwenyewe. Hatumlaumu mtu yeyote aliyebeba ndoo ya sabuni hadi kwenye lango la gereza.

Hata hivyo Tume yetu inalo neno la kusema, na tunaomba lisikilizwe hata kama litauma kidogo. Sabuni huisha baada ya wiki mbili, na kifungo huendelea. Siku kifungo kinapokwisha, mwanamke yule hutoka akiwa hana kazi, hana mtaji, na mara nyingi hana mahali pa kurudi. Tunasema kwamba mwanamke huyo anatudai kitu kikubwa kuliko sabuni. Anatudai ufundi: ufundi kamili, wenye cheti, wenye soko, na wenye kumfuata hadi nje ya lango. Tunasema pia kwamba anatudai kwa haki. Huruma yetu ni nyongeza tu juu ya deni hilo.

1. NI AKINA NANI HAWA?

Yafaa kwanza tuwafahamu. Hesabu ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 ilikuta kwamba wanawake na wasichana waliofungwa duniani ni zaidi ya 740,000, yaani takribani 7 katika kila wafungwa 100. Katika bara letu la Afrika uwiano huo ni mdogo zaidi. Mtu angedhani kwamba uchache wao ungewarahisishia mambo. Kumbe ndio umewaponza. Magereza yalijengwa yakimfikiria mwanamume. Karakana za useremala na uchomeleaji ziliwekwa upande wa wanaume, na wanawake wakatengewa ua mdogo na mabweni machache. Tanzania Bara lipo gereza la wanawake la Kingolwira, mkoani Morogoro. Lakini mama wa Ihumwa akipelekwa huko, watoto wake hawana nauli ya kumfuata. Akifungwa karibu na nyumbani, huwekwa katika sehemu ndogo ya wanawake ndani ya gereza la wanaume, na sehemu kama hiyo ni nadra kuwa na karakana yake yenyewe. Achague nini, ufundi au watoto wake? Mwanamume mfungwa haulizwi swali hilo mara nyingi hivyo.

Je, wanafikaje huko? Wapo waliotenda makosa mazito, ya kuumiza na hata ya kuua, wala hatufichi. Lakini wapo pia walioingia kwa mlango wa umaskini. Sisi watu wa nyanda za kati tunajua njaa kwa jina lake. Mvua ikikatika mwezi wa Februari, uwele na mtama hukauka shambani, na mama asiye na ufundi wowote hubaki na njia chache: kuchoma mkaa, kufanya kibarua, au kupika pombe. Akipika gongo, sheria ya nchi imeikataza. Hukamatwa, hutozwa faini asiyoweza kuilipa, na faini hugeuka kuwa kifungo. Tukimfunga kwa sababu ya gongo, kisha tukamtoa bila kumfundisha lolote, tumemrudisha kwenye pipa lilelile la gongo tulilomwondolea.

Na nyuma ya kila mama mfungwa wapo watoto. Aliye mchanga, sheria inaruhusu apokelewe gerezani pamoja na mama yake, naye hujifunza kutembea ndani ya ukuta asioujengewa. Wakubwa hubaki kwa bibi mzee, au hutawanywa kwa ndugu, au huanza kuzurura stendi. Hivyo tunaposema ufundi kwa mwanamke mfungwa, tunasema pia chakula na ada ya shule ya watoto ambao hawajamkosea mtu.

2. HAKI HII IMEANDIKWA WAPI?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya wanatume tu. La hasha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inaagiza kwamba heshima ya binadamu ilindwe katika shughuli zote za upelelezi na mashitaka, na pia wakati wa kutekeleza adhabu. Neno hilo la mwisho tulizingatie. Utu wa mtu hauachwi getini pamoja na viatu na mkoba wake.

Mataifa nayo yamekubaliana. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1955, zilifanyiwa marekebisho mwaka 2015 zikapewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 98 inataka wafungwa wanaoweza kufaidika wapewe mafunzo ya ufundi wenye manufaa, hasa vijana. Kanuni ya 99 inakataza kuyaweka masilahi ya mfungwa na mafunzo yake chini ya faida ya fedha itokanayo na kiwanda cha gereza. Kanuni ya 103 inataka kazi ya mfungwa ilipwe ujira wa haki, sehemu aweze kuituma kwa familia yake, na sehemu iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Aidha, mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok, zinazohusu wanawake hasa. Kanuni ya 42 inataka wanawake wafungwa wapate shughuli na mafunzo kamili, na ratiba zipangwe kwa namna ambayo mjamzito, mama anayenyonyesha na mama mwenye mtoto hawataachwa nje.

Kanisa nalo halikukaa kimya. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na wa Sheria yetu ya Magereza, Papa Paulo VI aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, shina la tume kama hii yetu, akatoa pia waraka juu ya maendeleo ya watu. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi. Mafundisho hayo hayana kifungu kidogo chini kinachosema "isipokuwa mfungwa".

Ndugu zetu wa Zanzibar hawaliiti gereza kwa jina hilo. Huliita Chuo cha Mafunzo. Jina hilo ni zuri, na kila jina zuri ni ahadi. Yafaa Bara nasi tujiulize: magereza yetu yangestahili jina hilo kwa upande wa wanawake? Mhitimu angetoka na nini mkononi?

3. KUTUMIKISHWA SI KUFUNDISHWA

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Katika nchi yetu kazi ya mfungwa imezoeleka kuhesabiwa kwa kile inacholiingizia gereza. Mwezi Julai 2018 Rais John Magufuli, alipomwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, alisema ni aibu kwa serikali kuendelea kuwalisha wafungwa, akataka wafanye kazi wajilishe wenyewe. Wananchi wengi walishangilia. Nasi hatubishi kwamba mfungwa ale kwa jasho lake. Mtume Paulo aliwaambia hivyo Wathesalonike, ambao hawakuwa wafungwa. Lakini tunasema kwamba shamba la gereza na ufundi wa mtu ni vitu viwili tofauti, na cha kwanza kimekuwa kikimeza cha pili.

Tutoe mfano ulio wazi. Mwanamke anawekwa mbele ya cherehani. Kwa miaka miwili anashona kola za sare, kola tu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Hakupewa mkasi akate kitambaa. Hakufundishwa kuchukua vipimo vya mteja, wala kutengeneza cherehani ikikwama, wala kupiga hesabu ya kitambaa, uzi na bei ya kuuzia. Siku ya kutoka, katika daftari la gereza ameandikwa kuwa alikuwa "mshonaji". Mleteni hapa Ihumwa, mpeni kitenge na mteja: hawezi kumshonea gauni. Mwanamke huyo hakufundishwa ushonaji. Ametumika kama sehemu mojawapo ya cherehani. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyepalilia ekari za mahindi bila kuelezwa mbegu, mbolea wala soko. Amechoka, lakini hajajua.

Magereza yetu yanaweza kuzalisha vitu vizuri, na tunayasifu kwa hilo. Kiwanda cha bidhaa za ngozi cha Karanga, Moshi, kilichozinduliwa mwaka 2020 kwa ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, kimeonyesha kwamba kiatu kilichotoka nyuma ya ukuta kinaweza kuvaliwa na yeyote bila aibu. Tunachotaka ni kwamba katika kila karakana ya namna hiyo, kubwa au ndogo, ripoti ya mwaka isihesabu jozi za viatu tu. Ihesabu na mafundi: wangapi waliingia hawajui, wangapi wametoka wanajua, na kati yao wanawake ni wangapi.

4. UFUNDI GANI?

Mara mafunzo ya wanawake yanapotajwa, mawazo ya wengi hukimbilia sindano: vitambaa vya kufunika makochi, mashuka ya kudarizi, sweta za watoto. Jambo hili lina historia. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Elizabeth Fry aliingia katika gereza la Newgate, London, akawakuta wanawake na watoto wao wamelundikana pasipo kazi. Kufikia mwaka 1817 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha shule ya watoto na kazi ya kushona na kufuma kwa wanawake, na bidhaa zao zikauzwa. Baadaye kamati yao iliwapa wanawake waliosafirishwa uhamishoni vifurushi vya sindano, uzi na vipande vya nguo. Mwaka 1841, katika meli iliyoitwa Rajah, wanawake hao walishona njiani shuka kubwa la viraka lililohifadhiwa hadi leo katika jumba la sanaa la taifa la Australia.

Tunamheshimu mama huyo. Aliwapa wanawake wa wakati wake ufundi uliokuwa na soko wakati wake. Anayemfuata kwa kweli hatarudia sindano kwa mazoea. Atauliza kwanza soko la leo linataka nini. Vitambaa vya makochi vimejaa nyumbani kwetu, na vile vya mashine kutoka nje huuzwa kwa bei ndogo kuliko uzi wa kuvifumia. Kumfundisha mwanamke kazi isiyonunuliwa ni kumpa mchezo wa kupitishia siku.

Sasa tazameni mlangoni petu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 ndipo serikali ilipohama kwa dhati. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, majirani zetu. Barabara ya kwenda Morogoro inapita hapa, na tangu mwaka 2024 reli ya kisasa inaleta abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Nyumba zinaota kila upande ambako zamani palikuwa na mibuyu na mashamba ya mtama. Kila nyumba inahitaji mtu wa kuweka vigae, kupaka rangi, kuvuta nyaya za umeme, kuchomelea madirisha, kushona mapazia na kuvalisha makochi. Watumishi wa maofisini wanahitaji chakula safi cha mchana. Zabibu, karanga na alizeti za mkoa huu zinahitaji mikono ya kuzisindika. Nani amesema mikono hiyo haiwezi kuwa ya wanawake? Mwanamke wa Kigogo amejenga na kukandika tembe tangu enzi na enzi, amefinyanga vyungu, amesuka vikapu. Tumwambie leo kwamba kigae ni kigumu kwake?

Kwa hiyo hatuikatai cherehani. Tunakataa cherehani iwe ukuta wa pili. Mwanamke achague, na kati ya atakavyochagua viwemo vile vinavyolipa.

Lipo pia suala la muda. Mafunzo mengi ya vyuoni huchukua miaka, na vifungo vingi ni vya miezi. Kwa kanuni ya msamaha wa theluthi moja, aliyehukumiwa miezi sita hukaa minne. Je, aachwe tu kwa kuwa muda hautoshi? Hapana. Ufundi ukatwe vipande: miezi minne ya kuweka vigae, inayojitosheleza, na kipande kinachofuata akimalizie nje. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kupima na kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa na kumpa cheti. Tunaomba utaratibu huo uvuke lango la gereza kwa wingi, na cheti kiandikwe jina la VETA, pasipo neno lolote la kumtambulisha mwenye nacho kuwa alifungwa.

Na mahabusu je? Hao hawajahukumiwa, na kwa sababu hiyo hawalazimishwi kazi. Basi wamesahauliwa kabisa, huku kesi zikiahirishwa mwezi baada ya mwezi. Kanuni za Mandela zinataka mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi kama anapenda, na alipwe. Tunaongeza: apewe na nafasi ya kujifunza. Akija kuonekana hana hatia, walau tumemrudishia kitu kwa siku alizopoteza.

5. MAJIBU KWA WANAOPINGA

Tumesikia hoja nyingi katika vikao vya jumuiya, na ni haki tuzijibu.

Wapo wasemao: "Watoto wetu wema hawana ada ya chuo, na mhalifu afundishwe bure?" Uchungu huu ni wa kweli, wala hatuudharau. Lakini tazameni unakoelekea. Mtoto wako hatapata ada kwa sababu mfungwa amekosa mafunzo. Watakosa wote wawili. Pigania ada ya mwanao, nasi tutakuwa pamoja nawe. Barua yetu iliyopo hapa chini inawataja na wasichana wa kijijini wasio na kosa lolote. Na ujue kwamba mwanamke aliyetoka gerezani akiwa na njaa na bila kazi atakuwa jirani yako, wala si jirani ya hakimu.

Wapo wasemao: "Gereza ni mahali pa adhabu." Ni kweli. Lakini adhabu yenyewe ni kunyang'anywa uhuru. Hakimu alipotamka miaka mitatu, alitamka miaka mitatu. Hakutamka kwamba baada ya hapo mwanamke huyo awe maskini daima, wala kwamba watoto wake waache shule. Anayeongeza hukumu juu ya hukumu anajifanya hakimu pasipo kuapishwa.

Wapo wasemao: "Akitoka ataolewa, au atarudi kwa mumewe." Waulizeni akina mama wenyewe. Mume wa mfungwa wa kike mara nyingi hamsubiri, na familia humwona ameleta aibu kuliko kaka yake aliyefungwa kwa kosa hilohilo. Ndoa si karakana.

Na wapo wasemao: "Watu hao hawafundishiki." Tuvuke mpaka hadi Uganda. Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002, akawekwa katika gereza la wanawake la Luzira, Kampala. Humo alisoma, akawasomesha wenzake. Kesi iliyobeba jina lake pamoja na wafungwa wengine 417 ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2009 ikaamuliwa kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa jaji. Aliendelea kusomea sheria akiwa mfungwa, kwa njia ya Chuo Kikuu cha London, akaachiwa huru mwaka 2016. Kama mwanamke aliyehukumiwa kufa aliweza kujifunza sheria, aliyefungwa miezi sita kwa ajili ya gongo hawezi kujifunza umeme wa majumbani?

6. LANGONI

Tuseme sasa kwamba yote hayo yamefanyika, na mwanamke ametoka akiwa fundi. Je, yamekwisha? Bado, kwani shida kubwa huanza hapo. Fundi asiye na vifaa ni sawa na mkulima asiye na jembe. Ana cheti, lakini hana mwiko wa kupigia lipu, hana kipimamaji, hana cherehani. Nani atamkopesha? Kikundi cha kuweka na kukopa kitamtaka mdhamini. Mwenye nyumba atamtaka kodi ya miezi. Mteja atauliza alikuwa wapi miaka hii yote. Cheti bila vifaa na bila mtu wa kumwamini huishia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Paulo na Sila waliofungwa huko Filipi. Walipofunguliwa hawakuenda moja kwa moja njiani. Walikwenda kwanza nyumbani kwa Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa nguo za zambarau, wakawakuta ndugu, wakafarijiana. Paulo naye alikuwa fundi wa mahema. Alipofika Korintho alipokelewa na Akila na Priska kwa sababu ya ufundi huo, wakafanya kazi pamoja. Hivi ndivyo Kanisa la mwanzo lilivyomtendea aliyetoka kifungoni: nyumba ilikuwa wazi, na karakana ilikuwa wazi. Tarehe 26 Desemba 2024 Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia, Roma. Kwetu Ihumwa hatuna mlango wa namna hiyo, ila tunao mlango wa parokia, na swali ni kama mwanamke aliyetoka jana atathubutu kuugonga.

7. TUNACHOOMBA, NA TUNACHOPASWA KUFANYA

Kwa serikali na Jeshi la Magereza tunaomba haya: kila gereza lenye wanawake liwe na mafunzo yao halisi, yenye mwalimu na mtihani, wanawake wachague ufundi, ukiwemo ule uliohesabiwa kuwa wa wanaume, saa za mafunzo zisiliwe na saa za shamba, mama mwenye mtoto apate mahali pa kumweka mtoto akiwa darasani, na kila anayetoka apate akiba kutokana na kazi yake. Mwaka 2023 Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake. Mlango wa kuzungumza umefunguliwa. Tusiuache ujifunge wenyewe.

Lakini itakuwa unafiki kuiagiza serikali na kujisahau. Sisi ni wateja wakubwa kuliko tunavyojua. Kila mwaka parokia zetu hushonesha sare za kwaya, vitenge vya WAWATA, nguo za Komunyo ya Kwanza na mavazi ya watumishi wa altare. Hujenga vigango, huweka vigae, hupaka rangi. Kazi hizi tunampa nani? Tunampa tuliyemzoea, au mwenye duka mjini. Tunapendekeza kwamba kamati tendaji ya parokia itenge sehemu ya kazi hizo, iliyo wazi na ya kudumu, kwa mafundi wanawake waliotoka kifungoni, kwa bei ileile anayolipwa fundi mwingine. Hatuombi wapewe kazi mbovu kwa huruma. Fundi akikosea, avunje na kurudia kama fundi yeyote.

Tunapendekeza pia kwamba mwaka ujao mfuko wa 8 Machi ugawanywe. Nusu inunue sabuni, maana mahitaji ya leo yapo leo. Nusu iwe mfuko wa vifaa: fundi anapotoka akabidhiwe vifaa vya kazi yake kwa mkopo usio na riba, na jumuiya moja imdhamini kwa jina. Mafundi walio kati yetu, wanaume kwa wanawake, waombe kibali cha kwenda kufundisha. Na barua ya maombi haya tumeiandika. Itasomwa katika kila jumuiya, itasainiwa na wanaokubali, kisha itapelekwa kwa wahusika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu yupo mwanamke aliyewahi kufungwa? Anaishije, na ni nani kati yetu anayemtembelea?
2. Je, tungempa mwanamke huyo kazi ya kushona nguo za Komunyo ya Kwanza za watoto wetu? Kama hapana, kwa sababu gani hasa?
3. Ni ufundi gani unaolipa hapa Ihumwa leo, na ni nani kati yetu awezaye kuufundisha?
4. Jumuiya yetu iko tayari kumdhamini fundi mmoja? Tutaanza lini?

Kule Yopa, Dorkasi alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizokuwa amewashonea. Hawakuhitaji kusema mengi. Kazi ya mikono yake ilimshuhudia. Tunawataka wanawake waliofungwa nao wapate kazi ya kuwashuhudia, ili siku mtu atakapouliza habari zao, jirani asitaje kosa lao kwanza, bali ataje nyumba waliyoiweka vigae na gauni walilolishona.

Wenu katika haki na amani,

Tume ya Haki na Amani, Ihumwa